Malindi tunajua Kitaliano, mbona tunafundishwa data entri?

Mafunzo ya kazi za mtandaoni yakija kwetu huku yanakuja vile vile yalivyoenda Kakamega, Nyeri na Garissa. Ukumbi wa kukodi, chai na mandazi saa nne, fulana, cheti. Unaonyeshwa kufungua akaunti, kutengeneza profaili, alafu transkripsheni, yani kuandika maneno ya rekodi, data entri, yani kuingiza taarifa kwenye kompyuta, kuandika makala, kwaherini. Mwalimu simlaumu, mara nyingi ni kijana mzuri tu katoka Mombasa au Nairobi na slaidi alizopewa na mradi. Lakini kila nikikaa kwenye vikao hivyo, au wadogo zangu wakirudi kunisimulia, najiuliza swali moja. Yani sisi watu wa Gongoni, Mambrui na Ganda tunapelekwa kushindana na dunia nzima kwa Kiingereza, tena Kiingereza chenyewe cha kujikaza, na nyumba ya tatu kutoka hapa nilipokaa kuna mzee anaweza kumtuliza Mtaliano aliyefura kwa hasira, kwa lugha yake mwenyewe, mpaka akacheka na kuagiza kahawa ya pili?

Serikali haikukaa kimya, tuseme ukweli. Ajira Digital, mradi wake wa kazi za mtandaoni kwa vijana, ipo tangu 2016, vituo vya intaneti vya maeneo bunge vikaja, alafu ikaja ahadi ya kituo kimoja kila wadi nchi nzima, wadi zote 1,450. Sawa. Shida yangu ni kile kinachofundishwa ndani ya hivyo vituo. Mtu akimaliza anajua kuomba kazi ambayo watu laki kadhaa wa Manila, Lagos na Nairobi wanaiomba dakika hiyo hiyo, na wenzake wana stima isiyopotea na nyota mia tano kwenye profaili. Anaomba wiki, anaomba mwezi, bando linaisha, anarudi kwenye bodaboda. Sasa hapo ukiuliza utaambiwa vijana wa Pwani ni wavivu.

Kitaliano chenyewe hakikutuangukia kutoka mbinguni. Au tuseme kidogo kilitoka huko juu. Ukitoka Malindi ukavuka daraja la Sabaki, ukapita Mambrui ukafika Gongoni, kuna njia ya kulia inateremka kwenda Ngomeni, katikati ya mashamba ya chumvi. Pale baharini ndo Wataliano walisimamisha majukwaa yao ya chuma miaka ya sitini, mradi wa San Marco, mkubwa wao akiwa mhandisi Luigi Broglio, wakishirikiana na NASA ya Marekani. Walipapenda kwa sababu tuko karibu na ikweta, roketi ikielekezwa mashariki inapata msukumo wa dunia inavyozunguka, na mbele yake ni bahari tupu, hakuna mtu wa kuangukiwa. Aprili 1967 wakarusha satelaiti ya kwanza kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya sherehe, wakarusha nyingine ikapewa jina Uhuru, na hiyo ndo ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa maalumu kwa kuangalia nyota kwa eksirei. Waliendelea kurusha mpaka 1988, na kituo bado kipo, kinafuatilia satelaiti zinazopita. Mimi bado naona ajabu kwamba Ngomeni, kijiji cha wavuvi, kiliongea na satelaiti kabla nyumba nyingi za Ngomeni hazijapata stima.

Basi waliokuja na roketi wakawaita ndugu zao, ndugu wakaipenda bahari, zikajengwa hoteli, alafu nyumba za likizo, pizeria, maduka ya aiskrimu, na watu wetu wakajifunza lugha bila kukaa darasani. Waliitoa kwa mpishi, kwa mama wa nyumba, ufuoni, kwenye boti ya kupeleka watu kuona samaki. Leo hii Malindi na Watamu utamkuta mzee wa Kigiriama ambaye Kiingereza kinamsumbua ila Kitaliano anakimwaga mpaka na matusi ya Napoli. Sijawahi kuona mradi hata mmoja wa kazi za mtandaoni ukimuandika mtu huyo kwamba ana ujuzi. Kwenye fomu kuna sehemu ya kiwango cha elimu, anaweka tiki darasa la saba, biashara imeisha.

Sasa njoo kwenye msimu, manake bila kuelewa msimu huwezi kuelewa kwa nini nalipigia kelele jambo hili. Wataliano wanakuja Desemba mpaka Machi, alafu tena Julai na Agosti. Kusi likishaanza kuvuma na mvua za Aprili zikanyesha, hoteli nyingi zinafunga milango, wafanyakazi wanaambiwa tutaonana Julai, na huo mwezi wa nne kuelekea wa tano ndo shule zinafungua muhula wa pili. Hebu fikiria. Mshahara unakatika na karo inaitwa, pamoja. Hapo ndo utaona watu wanauza mbuzi, wanauza simu, mabinti wanajaza fomu za kwenda Saudia, na vijana wengine wanaamua kutafuta bibi mzee wa Kizungu wa kuwatunza, na sisi wote tunajifanya hatuoni. Mwaka 2020 ndege ziliposimama Machi ule msimu mfu haukuwa wa miezi mitatu tena, ulikuwa wa mwaka na zaidi, na kuna watu niliofanya nao kazi hawakurudi kazini mpaka leo.

Mimi nilikuwa riseptionisti. Hoteli siitaji, haina haja. Wakati huo wa korona mgeni mmoja wa zamani, mama wa makamo ambaye alikuwa akija kila Januari, akanitafuta kwa WhatsApp kunijulia hali, tukaongea, akaniambia yeye na kaka yake wana kampuni ndogo ya kusimamia nyumba za likizo kule Puglia, kusini mwa Italia, na wageni wakianza kurudi watahitaji mtu wa kujibu meseji, kwa sababu kijana aliyekuwa akijibu kaenda Ujerumani kutafuta maisha. Nikamwambia mimi nipo. Akacheka, akadhani natania. Nikamwambia signora, wewe mwenyewe umenilalamikia miaka yote hiyo kuhusu kiyoyozi, unajua vile najibu.

Kazi yenyewe ndo hii. Nimekaa barazani Gongoni, laptopu juu ya meza ya plastiki, hedifoni sikioni, kuku wanapita chini ya miguu, na namwelekeza mtu wa Bologna jinsi ya kufungua kisanduku cha funguo ukutani kwenye nyumba ya Ostuni ambayo mimi sijawahi kuikanyaga. Nina picha za kila mlango. Najua kwamba ufunguo wa geti la chini lazima uuvute kidogo kuelekea kwako kabla ya kuuzungusha. Najua duka la mkate linafungwa mchana. Na kesi ninayoipata kuliko zote, hii inanichekesha mpaka kesho, ni ya stima. Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa kilowati 3 tu, kwa hiyo mgeni akiwasha oveni, kiyoyozi na mashine ya kufua pamoja, giza. Anapiga simu amepaniki, na mimi mtoto wa Gongoni, ambaye kupotelewa na stima ni habari ya kila wiki, namwambia kwa upole, signore, zima oveni kwanza, nenda nyuma ya mlango, kuna kisanduku cha kijivu, inua swichi kubwa, ngoja. Ecco. Ananishukuru kama nimemfanyia opareshini.

Alafu kuna jambo la saa. Hili watu hawalipi uzito wake. Wenzetu wanaofanyia klaenti wa Marekani wanaishi kama popo, New York iko nyuma yetu saa saba au nane, California ndo kabisa saa kumi au kumi na moja, kwa hiyo mtu anaanza kazi watu wakienda kulala na kumaliza wakati adhana ya alfajiri, anaishi kwa kahawa chungu, ndoa inaanza kuyumba. Italia iko nyuma yetu saa mbili tu, na wakiwa kwenye majira ya joto ni saa moja. Ofisi yao ikifunguliwa saa tatu asubuhi yao, huku ni saa nne au saa tano. Nishafagia, nishapeleka mtoto shule, nishakula mahamri na mbaazi. Namaliza jioni baada ya magharibi au isha kutegemea majira. Kwa mwanamke wa kijijini tofauti hiyo ndo inayoamua kama kazi inafanyika au haifanyiki, manake baba gani wa hapa atakubali binti yake awe macho saa nane ya usiku akiongea na wanaume wa Kizungu kwenye simu? Hata mimi na mchana wangu mweupe majirani walinisema. Ilisemekana natafuta mchumba. Ilisemekana nimeingia kwenye ule utapeli wa mapenzi. Mamangu akachoka kueleza, sasa akiulizwa anasema tu, huyu yuko hotelini, ila hoteli yenyewe iko Ulaya. Wanamwelewa.

Huko nje hili wazo la kuamsha vijiji kwa kazi za mbali si geni. Marekani kwenye jimbo la Utah kuna kaunti kama Carbon na Emery zilizoishi kwa makaa ya mawe, migodi ikipungua watoto wanahama. Mwaka 2018 jimbo likakipa pesa chuo kikuu cha Utah State kuanzisha mafunzo ya kazi za mbali kwa watu wa vijijini, na wakayapitishia kwenye idara ile ile inayotuma maafisa wa kilimo na mambo ya nyumbani kwenye kaunti. Hapo ndo nilipopapenda. Afisa ambaye watu walishamzoea, anayejua nani ana ng'ombe wangapi na nani mumewe kaachishwa mgodini, ndo huyo huyo anawaleta kwenye kozi. Na hawakuishia kwa mfanyakazi, wakaweka na kozi ya mabosi, jinsi ya kusimamia mtu usiyemuona. Sisi huku bosi hatumfundishi, tunamsubiri tu atokee kwenye aplikesheni.

Na Italia kwenyewe mambo ni kinyume chetu kabisa. Kule vijiji vina nyumba na havina watu. Mji kama Sambuca kule Sisilia mwaka 2019 ulitangaza kuuza nyumba kwa yuro moja, mnada wa kuanzia yuro moja, ili mradi uje uikarabati. Vijana wao wamekwenda Milano, London, Berlin. Wazee wamebaki na nyumba nzuri za mawe wanazozigeuza za wageni, na hawana wa kujibu simu. Sisi tuna wa kujibu simu wamejaa maskani wakicheza bao. Sijui kama kuna mtu serikalini kawahi kuziweka hizi habari mbili pamoja kwenye meza moja. Tulichofanya ni kutangaza mwaka 2024 kibali kipya cha wageni wanaofanya kazi za mbali waje waishi hapa Kenya, kibali N, na sikatai, waje, wanywe kapuchino Watamu, wakodishe nyumba. Lakini hapo tunamleta mfanyakazi wa watu kijijini kwetu. Kazi yenyewe bado imebaki kwao.

Ntakuambia kuhusu ami yangu. Alikuwa weita miaka na miaka, mikono yake bado inanyooka kama ameshika trei hata akiwa mikono mitupu. Hoteli ilipofunga mara ya mwisho haikumuita tena, walitaka vijana. Kampuni ya yule mama ilipoongeza nyumba nikasema huyu ndiye, kwa simu hakuna wa kumshinda. Na kweli kwa kuongea ni moto. Shida ikaja kwenye kuandika, manake kazi nusu yake ni meseji na imeili, na ami Kitaliano alikitia kwa masikio, hakuwahi kukiona kwenye karatasi. Anaandika anavyosikia. Siku ya kwanza kukaa naye nikampa meseji ya kweli, familia imefika usiku na kitanda cha mtoto walichoagiza hakipo. Akaisoma taratibu, kidole kwenye skrini, akanijibu kwa mdomo jibu zuri la kumaliza kesi, pole, kitanda kinakuja ndani ya nusu saa, na kahawa ya asubuhi tunawalipia sisi. Nikamwambia sasa iandike. Akaandika mistari miwili ambayo Mtaliano angedhani ni mtoto wa nasari.

"Mwanangu, hii herufi ya h mbele hapa ni ya kazi gani na wenyewe hawaitamki?"

"Ami, hiyo usiulize. Iweke tu."

"Wao wenyewe wanajua?"

"Baadhi yao."

Tukapata njia. Simu yake tukaiwekea kibodi ya Kitaliano, anabonyeza maikrofoni anaongea, simu inaandika yenyewe na herufi zake zote, alafu yeye anasoma na kurekebisha mahali ilipomsikia vibaya. Kwa hiyo kilichokuwa udhaifu wake kikawa hakina nguvu tena, na kila anaposoma alichokisema mwenyewe anajifunza kuandika. Kilichobaki kugomba nacho ni heshima. Ufuoni na hotelini alizoea kumwita kila mtu kama rafiki wa siku nyingi, mgeni alikuwa likizo na alipenda hivyo. Kwenye imeili ya malalamiko ya hela hapana, pale unamwandikia mtu kwa ile namna ya adabu, unafungua na Gentile na jina lake la ukoo, unamaliza na Cordiali saluti. Ami alisema inamfanya ajisikie kama karani wa mahakama. Lakini akashika. Hili somo la kuandika rasmi ndo ningelitaka lifundishwe kwenye vile vituo vya wadi, mwezi mzima, na mtu akitaka aendelee mpaka afanye mtihani wa Kitaliano, CILS wa chuo cha Siena au CELI wa Perugia. Hicho ni cheti ambacho mwajiri wa Italia akikiona anajua maana yake. Kile chetu cha fulana na chai hakijui.

Najua kuna atakayesema mashine sasa inatafsiri kila kitu. Kweli, na kama mradi wa kuwafundisha watu wetu kazi ya kutafsiri maandishi ungeletwa leo ningewaambia wasije, hiyo kazi inakufa mbele ya macho yetu. Kile ambacho bado kinalipwa ni mtu. Mgeni aliyefungiwa nje saa nne usiku na mtoto analia hataki kuandikiana na roboti, anataka sauti, na akisikia sauti inayomtania kidogo kwa lafudhi ya ajabu ajabu anatulia.

Ile njia nyingine nimeiona ilivyowafanya watu. Binamu zangu waliingia kwenye kuwekea lebo picha, unachora mstari kuzunguka gari, kuzunguka mti, kuzunguka mtu, ili kompyuta zijifunze. Pesa ilikuwa ikiingia, ndogo ndogo ila inaingia, mpaka Machi 2024 jukwaa likawafungia Wakenya, imeili moja tu, na hakuna ofisi ya kwenda kugonga. Wengine walikuwa wamekodi akaunti za watu, manake akaunti zenye nyota zinakodishwa, mwenye akaunti anachukua nusu na siku akiamua kubadilisha paswedi umeisha. Na wapo wanaowaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani kazi zao za chuo, wanalipwa vizuri kuliko sisi wote, mimi siwezi kumshauri mdogo wangu ajenge maisha juu ya kitu ambacho lazima akifiche. Utanisamehe.

Vifaa sasa. Stima ya Gongoni tunaijua. Kule Langobaya, huku huku Malindi, kuna shamba kubwa la sola la megawati 40 lililoanza kuzalisha Desemba 2021, linaingiza kwenye gridi ya taifa, na gridi ya taifa ikiamua kulala tunalala nayo. Kwa hiyo mimi nina paneli moja juu ya bati na betri ya kutosha laptopu na rauta, basi. Intaneti ya simu inatosha siku nyingi, mvua kubwa ikinyesha inasumbua. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi kaweka Starlink, intaneti ya satelaiti, hao waliingia Kenya Julai 2023, na mwisho wa 2024 Nairobi na kaunti za jirani yake zikajaa mpaka wakasimamisha kuuza laini mpya kule kwa miezi. Huku mashambani nafasi ilikuwepo. Mara moja moja na sisi tunawahi kitu. Tunachangiana bili watu wachache na yeye anapata wateja wa kukaa dukani. Malipo yanakuja benki au PayPal, na PayPal tangu 2018 unaweza kuitoa kwenda M-Pesa, makato yanauma lakini angalau huhitaji kwenda Malindi mjini kupanga foleni.

Na hapa nieleze kijiji kinapataje, manake hili neno kufufua vijiji linasemwa mno kwenye semina na halionekani. Nenda Gongoni mwezi wa sita. Mwezi mkavu wa pesa. Mama wa mahamri amepunguza unga anaokanda kwa sababu wateja wake wa hoteli wamekaa nyumbani na wanakula uji. Sasa weka pale watu sita saba wenye mshahara wa mwezi wa sita. Wananunua mahamri. Mtu wa bodaboda anawapeleka. Mmoja anajenga choo, fundi anapata, mbeba mchanga anapata, na dukani kwa simenti nako kunaingia kitu. Daftari la deni linafutwa mistari. Mshahara wangu si mkubwa, ni kama ule wa riseption wakati wa msimu, tofauti ni kwamba unaingia miezi kumi na miwili na unaingia wakati wengine hawana. Mfanyakazi huyo huyo akihamia Mtwapa kutafuta kazi, pesa yake inaliwa Mtwapa, huku inakuja ya sikukuu tu.

Kitu ambacho kaunti ingeweza kukifanya bila kujenga hata ukuta mmoja ni kwenda kwenye mahoteli kila Aprili na kuomba orodha ya waliopewa likizo ya lazima, nani anajua lugha gani, nani anaweza kompyuta. Na kuwauliza wenyewe simu zao. Weita wa miaka ishirini ana namba za Wataliano kwenye WhatsApp kuliko ubalozi. Kati ya hao kuna mwenye duka la viatu, kuna daktari wa meno anayehitaji mtu wa kupanga miadi, kuna mwenye nyumba za wageni kama bosi wangu. Kazi hiyo haitatangazwa kwenye jukwaa lolote, inatolewa kwa mtu unayemjua sura.

Kuna shida moja ambayo sijapata dawa yake na wacha niiseme. Agosti. Italia nzima inaenda likizo Agosti, tarehe 15 ni Ferragosto, hakuna anayefanya kazi, wote wako pwani. Nusu wanajaza nyumba za Puglia na meseji zinakuja kama mvua, ndo wakati bosi wangu anataka watu zaidi. Wengine wanapanda ndege wanakuja Malindi, hoteli zinafungua, na wale wale niliowafundisha Mei na Juni wanaitwa kazini. Hotelini kuna tipu, kuna chakula, kuna watu. Ami mwenyewe mwaka jana hoteli ndogo ya Watamu ilimuita ghafla akaniacha na nyumba zangu zote, nikampigia akaniambia, mwanangu, pale nasimama na shati jeupe, hapa nakaa na kuku. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo msimu huu sianzi na maweita. Naanza na kina mama waliokuwa wakipika na kufua kwenye nyumba za Wataliano, wengi waliacha baada ya wenye nyumba kuuza na kurudi kwao, Kitaliano wanacho, hoteli haiwaiti, na Agosti wapo nyumbani. Tunakutana Jumamosi baada ya adhuhuri, barazani kwetu, mkeka upo. Anayejua kutuma meseji ya sauti anatosha kuanza. Aje na simu yenye chaji, na kama ana hedifoni aje nazo, manake nilizo nazo mimi ni jozi mbili na moja inasikika upande mmoja.